Kuhama WebLogic 12c: twende JBoss, Liberty, au tumalizane na Tomcat tu?

msimamizi_ear

Wakuu heshima kwenu. Naomba mawazo kabla sijaingia kikaoni nikaanza kusema vitu ambavyo sitaweza kuvitetea. Tuna mfumo wa siku nyingi, EAR moja nene (faili moja lililofunga app nzima), unakimbia kwenye WebLogic 12c, seva ya Oracle ya kuendeshea app za Java (12.2.1, ile ya Java EE 7), kwenye klasta ya seva kadhaa, ndani yake kuna EJB (vipande vya Java vyenye kazi za biashara) za kila namna, kuna MDB zinazosoma foleni za ujumbe za JMS, kuna miamala ya XA inayoshika databesi na foleni kwa pamoja, na juu ya hapo kuna programu ya Swing kwenye mashine za watumiaji ambayo inaita EJB moja kwa moja kwa t3, itifaki ya WebLogic yenyewe. Mkataba wa sapoti unakaribia kuhuishwa, na mkuu wa fedha kauliza swali ambalo kusema kweli ni la haki, kwamba hii seva tunailipia nini hasa wakati zipo za bure?

Kazini tumeshagawanyika. Kuna wanaosema Java EE ni stendadi bwana, unaichukua EAR unaiweka JBoss EAP ya Red Hat inawaka, kwisha. Kuna vijana wanataka tuvunje kila kitu tuandike upya kwa Spring Boot tukaweke Kubernetes. Na jamaa wa oparesheni wao hawataki kusikia chochote, mfumo unatembea, waachwe. Juzi tena kaja mtu wa mauzo na demo yake, akahamisha app ya mfano mbele yetu chap chap, watu wakafurahi sana, mimi nikanyamaza maana ile app ilikuwa na servleti mbili na haina foleni hata moja.

Kwa waliowahi kuhama kweli kweli, sio kwenye slaidi: kitu gani hasa kinagoma? Na je kuna maana ya kutoka kwa venda mmoja kwenda kwa mwingine au ni kubadilisha tu mtu wa kumlipa?

---

kiloda_cha_klasi

Mkuu, EAR yenyewe ndo sehemu nyepesi. Stendadi inakuambia EJB iandikwe vipi na servleti iandikwe vipi, lakini klasta uipange vipi, foleni uziunde vipi, watumiaji na majukumu yao uyaweke wapi, thredi zilizokwama uzione kwa njia gani, hapo stendadi ilikaa kimya na kila venda akajaza pengo kwa namna yake. Fungua hiyo EAR uangalie weblogic.xml, weblogic-ejb-jar.xml na weblogic-application.xml, kila mstari ulio humo unatakiwa utafutiwe mwenzake upande wa pili na mingine haina mwenzake. Alafu toka nje ya EAR uende kwenye skripti zenu za WLST, zile za kusimamia WebLogic. Wa WebSphere ya IBM wana wsadmin, wa JBoss wana jboss-cli, na hakuna anayesoma ya mwenzake. Sehemu nyingi nilizopita skripti hizi zilikuwa zimeandikwa na mtu ambaye ameshaondoka na hakuna anayejua ni kwa nini zinafanya zinachofanya.

Nikutajie vinavyouma kweli. Kwanza majina ya JNDI, yale ambayo app inayatumia kutafuta vitu kwenye seva: WebLogic inakubali uite datasosi jdbc/kitu bila shida, EAP inataka ianze na java:/ au java:jboss/, sasa kama jina limeandikwa ndani ya msimbo badala ya kwenye resource-ref utalikuta limetapakaa kila mahali. Hiyo inachosha tu, haitishi.

Inayotisha ni JPA, sehemu ya stendadi inayounganisha msimbo na meza za databesi. WebLogic 12c inakuja na EclipseLink, EAP inakuja na Hibernate, na zote mbili zinatii stendadi lakini hazina tabia moja. EclipseLink ukishatoka nje ya muamala ukagusa orodha ambayo haijapakiwa, mara nyingi itaenda kuichukua kimya kimya na wewe hutajua. Hibernate itakutupia LazyInitializationException usoni. Kwa hiyo app ambayo imekaa miaka bila kosa inafika EAP inaanza kupasuka kwenye skrini ambazo hakuna aliyezigusa, na watu wanasema EAP mbovu, wakati ubovu ulikuwa kwenye app siku zote ila kuna mtu alikuwa anaufunika. Unaweza kubeba EclipseLink ukaiweka EAP, inawezekana, ila umeshaanza kutoka kwenye njia ambayo venda anaipima kila siku. Ukienda Liberty ya IBM hapo unapumua kidogo maana nayo kwa JPA 2.1 kwenda juu inatumia EclipseLink.

Ya tatu ni klasiloda, kile kinachoamua app itumie laibrari ipi. Kwenye weblogic.xml kama mna prefer-web-inf-classes au prefer-application-packages maana yake kuna mtu alishagombana na laibrari za seva akashinda, na ugomvi huo utaupigana upya. EAP inatumia moduli, app haioni laibrari za ndani za seva mpaka uombe kwenye jboss-deployment-structure.xml. Kwa kweli mfumo huo ni safi zaidi, lakini app iliyozoea kuokota okota vitu vya seva bila kuomba itakufa na ClassNotFoundException.

Na sesheni, ile kumbukumbu ya mtumiaji aliyeingia. Hii wengi hawaijui mpaka nodi (seva moja ya klasta) ya kwanza ianguke. WebLogic unawasha kunakili sesheni kwenye weblogic.xml kwa persistent-store-type. EAP inaangalia kama web.xml ina ile alama ya distributable. Ukisahau hakuna kosa lolote, app inawaka, inafanya kazi, testi zote zinapita, siku nodi ikizimika ndo watumiaji wote wa nodi hiyo wanatupwa nje.

---

leseni_na_mimi

Mi sio mtu wa kuandika msimbo, kazi yangu ni mikataba ya leseni, basi nitasema upande wangu. Kabla hamjabishana kuhusu seva nendeni mkahesabu mnachotumia na mnacholipia, maana mara nyingi hela yote imejificha hapo na hakuna aliyewahi kuangalia.

WebLogic kwa prosesa inahesabiwa hivi: unachukua idadi ya kori za prosesa unazidisha na kigezo cha aina ya prosesa, kwa Intel na AMD za kawaida ni 0.5, kwa hiyo kori 8 ni leseni 4. Rahisi. Ugumu unakuja mkiwa juu ya VMware, maana kwa sera ya Oracle ile ni partisheni laini na haikubaliki kama njia ya kupunguza idadi, kwa hiyo wewe unadhani unalipia mashine pepe yenye kori 4, wao wanaangalia mashine halisi zote ambazo ile mashine pepe ingeweza kuhamia. Na sapoti ya kila mwaka ni 22% ya bei mliyonunulia leseni. Ukipiga hesabu, ndani ya miaka mitano umelipa sapoti zaidi ya leseni yenyewe, kwa hiyo mkuu wenu wa fedha hajakosea kuuliza.

Toleo pia liangalieni. Klasta ipo kuanzia Enterprise Edition. Sasa kama kuna mazingira ya testi au app ndogo ndogo mmezibandika kwenye leseni hiyo hiyo ya juu wakati hazina haja ya klasta, hizo ndizo za kuanza kutoa.

Ila msidhani upande wa pili ni peponi. IBM kwa muda mrefu wamehesabu kwa PVU, kipimo cha nguvu ya prosesa, na ukitaka kulipia sehemu tu ya mashine unatakiwa uwe umeweka ile programu yao ya kupima, ILMT, na ripoti zake uzitunze, usipofanya hivyo unahesabiwa mashine nzima. Red Hat ni sabskripsheni kwa kori, hununui leseni kabisa, ukiacha kulipa programu inaendelea kutembea kisheria lakini viraka na sapoti kwa heri.

Kuna taasisi moja nilifanya nayo kazi, walimwandikia venda wao barua kwamba wanahama, kabla hata hawajajua wanahamia wapi. Haikupita muda wakaletewa ukaguzi wa leseni, wakakutwa na chaguo la ziada lililowashwa ambalo halijalipiwa, hela iliyokuwa imetengwa kwa kuhama ikaishia huko. Simtaji venda. Ninachosema ni kwamba jikague mwenyewe kwanza, kimya kimya, ndo uongee.

---

tomcat_tu

Mnajisumbua wakuu. Tomcat + Spring Boot, hakuna leseni, hakuna ukaguzi, hakuna konsoli ya kuwaka robo saa. Hizi seva nzito zilishakufa zamani ni watu tu hawajazika.

---

dada_foleni

@tomcat_tu kaka soma swali basi. Kasema MDB, kasema XA, kasema EJB za mbali. Tomcat ni kontena ya servleti na JSP, haina EJB, haina JMS, haina msimamizi wa miamala. Unaweza kuongeza kimoja kimoja, Narayana au Atomikos kwa miamala, Artemis pembeni kwa foleni, lakini ukishamaliza kuvifunga vyote umejijengea application server yako mwenyewe ambayo haina mtu mwingine duniani anayeijua. Kama ni familia ya Tomcat basi angalau aiangalie TomEE. Kwa app ambayo ni war tupu (app ya wavuti peke yake) na datasosi moja nakubaliana na wewe asilimia mia, hiyo itoke WebLogic hata leo.

Mkuu @msimamizi_ear, hapo kwenye foleni na XA ndo nikae nawe maana hapo ndipo penyewe.

JMS kama stendadi inahusu jinsi ya kutuma na kupokea, foleni inaishi wapi na inagawanywa vipi kwenye klasta haihusiki. Mkiwa mnatumia uniform distributed queue (foleni moja iliyogawanywa kwenye seva za klasta), au Unit-of-Order ili ujumbe wa mteja mmoja usipitane, au store-and-forward kwenda kwa mfumo mwingine, hivyo vyote ni vya WebLogic peke yake. EAP 7 ndani yake kuna Artemis, na pale kazi ya Unit-of-Order unaifanya kwa makundi ya ujumbe kwa JMSXGroupID, inafanana lakini sio kitu kile kile, lazima mpime nodi inapokufa kundi linahamia wapi na kwa mpangilio gani. Liberty ina foleni zake za ndani lakini sio za kulinganisha na klasta ya WebLogic, wengi wanaofanya kazi nzito wanaiunganisha na IBM MQ, kwa hiyo hapo unakuwa umeongeza bidhaa nyingine na mkataba mwingine kwenye bajeti yako.

XA sasa. Siku ya kuhama kutakuwa na miamala iliyo katikati, imeshaandaliwa haijathibitishwa, na kumbukumbu yake iko kwenye TLOG ya WebLogic. Seva mpya haiwezi kuisoma TLOG hiyo. Kwa hiyo mnafunga mlango wa kuingia, mnaacha foleni ziishe zenyewe, mnaangalia databesi hakuna muamala unaoning'inia, ndo mnazima. Ukizima kwa haraka utaacha rekodi zimefungwa kwenye databesi na hakuna anayejua ni za nani.

Alafu EAP ikishawaka kuna kitu kidogo sana kinaitwa node-identifier kwenye mpangilio wa miamala, kikiachwa kama kilivyokuja kina thamani 1. Kwenye klasta kila nodi lazima iwe na yake. Nodi mbili zikiwa na kitambulisho kimoja, moja ikianza kufufua miamala inaona ya mwenzake inadhani ni yake ambayo haina kumbukumbu nayo, inairudisha nyuma. Hutaona kosa siku ya kwanza wala wiki ya kwanza, utakuja kuona hesabu hazilingani. Na kama mlitumia Logging Last Resource ili kuepuka XA kamili kwenye databesi, ulizia mapema mwenzake, EAP kuna kitu cha karibu kinaitwa commit markable resource, ila kinataka meza yake kwenye databesi na ma-DBA wenu watataka maelezo.

---

mzee_wa_j2ee

Nimecheka hapo kijana aliposema hazijazikwa. Nimekuwepo tangu J2EE 1.2 inatoka Desemba 1999 na kila baada ya muda kuna mtu anatangaza msiba.

@msimamizi_ear umeuliza kama kuna maana ya kutoka venda kwenda venda. Jibu langu ni kwamba usidhani ukikaa ulipo hutahamishwa, soko hili limekuwa likiwahamisha watu bila kuwauliza. Mwishoni mwa miaka ya 90 kulikuwa na seva za aina hii nyingi kweli, NetDynamics akanunuliwa na Sun 1998, Kiva alishanunuliwa na Netscape mwaka mmoja kabla, SilverStream akaenda Novell 2002, Bluestone akanunuliwa na HP ambao wakaigawa seva bure kisha 2002 hiyo hiyo wakaacha biashara yenyewe. Waliosimama wakabaki BEA, wenye WebLogic wakati huo, na IBM wanapigania kila mteja, na vita ilikuwa ya vipimo vya kasi, ECperf kisha SPECjAppServer, kila mmoja anatangaza namba zake kwenye mashine ambayo hakuna mteja angeweza kuinunua. Microsoft naye akaingia na Pet Shop ya .NET kuonyesha kwamba ile Pet Store ya Sun ni nzito, wakati Sun waliiandika kama mfano wa kufundishia wala haikuwa ya kushindana kasi. Vumbi lilikuwa kubwa aisee.

Aliyebadilisha mchezo ni JBoss. Alianza 1999, programu huria, unapakua bure unalipia sapoti ukitaka, na ghafla WebLogic na WebSphere hawashindani tena kwa kasi, wanashindana na sifuri. Red Hat akamnunua 2006 kwa dola milioni 350 hivi. Oracle, ambaye OC4J, seva yake ya wakati huo, ilitokana na msimbo alioulipia wa seva ya Orion, akaona njia fupi ni kumnunua BEA mwenyewe, BEA wakakataa dau la kwanza 2007, 2008 wakakubali dola bilioni 8.5. Sasa angalia kilichowapata wateja wa OC4J. Hawakuhama venda, hawakuvunja mkataba, walikaa kwa Oracle wao watulivu kabisa, na mwaka huo huo wakaambiwa seva ya mbele ni WebLogic. Kazi ya kuhama wakaifanya kama wengine wote.

Ikaja GlassFish, seva ya Sun. Oracle kamchukua Sun 2010, Novemba 2013 akatangaza hakutakuwa tena na toleo la kibiashara la GlassFish kwenda mbele, waliokuwa wanalipia sapoti wakabaki wanaangaliana, na kutokea hapo ndo ikazaliwa Payara. Na hao mnaowataja hapa kama washindani wawili, EAP na Liberty, IBM alimnunua Red Hat 2019 kwa dola bilioni 34, na 2025 timu za Java za Red Hat zikahamishiwa IBM. Kwa hiyo ukiniambia unachagua kati ya wawili hao, ujue mwisho wa siku bili inaelekea nyumba moja. Sisemi EAP itakufa, msinilishe maneno. Nasema weka kwenye maamuzi yako kwamba jina la mwenye seva litabadilika wakati app yako bado iko hai.

---

tomcat_tu

@dada_foleni sawa nimekubali kwa XA. Ila bado nasema wangejiuliza kama XA yenyewe wanaihitaji.

---

dada_foleni

@tomcat_tu hapo sasa umeongea. Mara nyingi XA iliwekwa kwa sababu ilikuwepo kwenye menyu. Ukiwa na meza ya kutolea ujumbe ndani ya databesi ile ile, unaandika data na ujumbe kwa muamala mmoja wa kawaida, alafu kazi nyingine inausoma na kuupeleka kwenye foleni, na mpokeaji akawa anaweza kupokea ujumbe mara mbili bila madhara, XA unaiaga. Lakini huo ni mradi wa kubadilisha app, usiuchanganye na mradi wa kubadilisha seva. Ukivichanganya kitu kikiharibika hutajua ni kipi kimekiharibu.

---

msimamizi_ear

Asanteni sana wakuu, nimejifunza zaidi hapa kuliko kwenye ile demo. Swali la nyongeza. Kuna mwenzetu kasema tukihama ni bora turuke moja kwa moja mpaka EAP 8 na Jakarta EE 10 (Java EE kwa jina jipya) ili tusihame mara mbili, anasema ni suala la kutafuta javax na kuweka jakarta tu, IDE inafanya. Ni kweli?

---

kiloda_cha_klasi

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndo itakayowatoa jasho.

Historia yake fupi: Oracle alivyoikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, jina la javax hakulitoa litumike kwa mambo mapya, mazungumzo yakakwama 2019, ndo maana Jakarta EE 9 ya mwishoni mwa 2020 ikabadilisha majina ya pakeji zote kuwa jakarta. Hakukuwa na kipengele kipya cha maana humo ndani, ni majina tu, na majina hayo yakakata soko vipande viwili. Tomcat 9 iko upande wa javax, Tomcat 10 upande wa jakarta. EAP 7 huku, EAP 8 kule. Payara 5 huku, 6 kule. WildFly, ile JBoss ya bure, ilivuka kwenye 27. Spring Boot 3 nayo kuanzia Novemba 2022 iko jakarta na inataka Java 17 kwenda juu.

Kubadilisha kwa kutafuta na kuweka hakufai kwa sababu sio kila javax inahama. javax.sql, javax.naming, javax.crypto, javax.net.ssl ni za JDK yenyewe, hazikuguswa. Hata kwenye miamala, javax.transaction.xa imebaki ilipo na javax.transaction ikahama, kwa hiyo mtu akibadilisha kwa pupa anavunja hapo hapo. Alafu kuna majina yaliyo kwenye maneno matupu ambayo kompaila haiyaoni, kama javax.persistence.jdbc.url ndani ya persistence.xml. Na kuna laibrari za watu wengine, hizo huwezi kuzibadilisha wewe, inabidi kila moja iwe na toleo la jakarta, na ile ya zamani ambayo mwenyewe aliiacha ndo itawakwamisha. Zana zipo, OpenRewrite kwa msimbo, Eclipse Transformer kwa jar zilizoshakompailiwa, na Tomcat 10 ina folda ya webapps-javaee ambayo ukiweka war ya zamani inaigeuza yenyewe. Zinasaidia sana. Hazimalizi.

Kwa hali yenu mimi ningefanya seva kwanza na javax kwanza, app ile ile Java EE 7, alafu jakarta baadaye kama kazi ya peke yake. Na hapa ndo nitaisifia Liberty bila kulipwa na mtu: pale toleo la stendadi unalichagua kwa vipengele kwenye server.xml, servlet-3.1 ukitaka ya Java EE 7, servlet-6.0 ukitaka ya Jakarta EE 10, na seva ni ile ile inayopata viraka vipya. Maana yake unaapgredi seva bila kulazimishwa kugusa app. Wengine wote niliowataja mstari wa javax uko kwenye toleo la zamani ambalo siku yake ya mwisho inakuja. Open Liberty ni programu huria tangu 2017, mnaweza kuijaribu bila kuongea na mtu wa mauzo yeyote. Tatizo lake kwenu ni lile alilosema dada hapo juu, foleni.

Na mkiwa na entity bean za EJB 2 zile za kale, CMP, semeni mapema, EAP 7 ilishaziondoa na Liberty nayo hazipo.

---

leseni_na_mimi

Niongezee kidogo. Mkihama kwa miezi au zaidi mtakuwa mnalipa seva mbili kwa wakati mmoja, na wengi hawaliweki hili kwenye bajeti, wanaweka bei ya mpya wanatoa bei ya zamani wanasema tumeokoa. Sapoti ya zamani huwezi kuikata mpaka nodi ya mwisho izime. Na ukipunguza idadi ya leseni zenye sapoti katikati, soma mkataba, bei ya zilizobaki inaweza kupangwa upya ikapanda mpaka usione ulichookoa.

Ila kuwa na mpango wa kuhama ulioandikwa, wenye app moja ambayo imeshahama kweli, kunabadilisha mazungumzo ya bei hata kama mwisho mtabaki. Venda anajua kutofautisha anayetishia na anayeondoka.

---

msimamizi_ear

Nirudishe mrejesho. Tumepitisha zana za kuchambua kwenye EAR, ile ya Red Hat ya uhamishaji na ile skana ya IBM. Ripoti ni ndefu lakini kilichonishangaza ni kwamba madarasa yanayogusa weblogic.* moja kwa moja ni machache sana, karibu yote yako kwenye kipande kimoja cha kuandika logi na kingine cha kuita work manager. Entity bean za kale hamna. Vilivyojaa ni skripti za WLST na mipangilio ya foleni, kama mlivyosema.

Tumegundua pia kwamba app ndogo ndogo tulizobandika kwenye klasta hiyo hiyo ni war tupu, hizo tumekubaliana zinaenda Tomcat 9 kwanza (furaha ya @tomcat_tu). EAR kubwa inabaki WebLogic kwa sasa huku tunaijaribu EAP 7 pembeni, hatujaamua. Kilichotukwamisha sasa hivi kabisa ni ile Swing. Iko kwenye mashine nyingi, inaita t3, na kila tunakofikiria kwenda itabidi kila mashine ibadilishwe siku moja na seva. Hapo mnafanyaje?

---

kiloda_cha_klasi

Usiibadilishe siku moja na seva. EAP EJB za mbali unaziita kwa remote+http na jar nyingine ya mteja, Liberty ni kwa IIOP, kwa hiyo popote uendapo Swing lazima iguswe, hilo halikwepeki. Cha kufanya ni kuigusa sasa hivi mkiwa bado WebLogic. 12.2.1 ina JAX-RS, ya kutengenezea huduma za REST zinazoitwa kwa HTTP, tengenezeni ngazi nyembamba ya REST mbele ya zile EJB, msibadilishe biashara iliyo ndani, alafu mtoe Swing mpya inayoongea HTTP, muisambaze taratibu, ya zamani na mpya zote zinaongea na seva ile ile ya zamani. Siku mnahama seva mteja hajui, ni anwani tu kwenye load balansa.

Angalizo moja, kuna kitu mtapoteza. Kwa t3 mteja wa Swing aliweza kufungua UserTransaction kutoka huko kwake na kushika EJB mbili tatu ndani ya muamala mmoja. Kwa REST hiyo haipo. Tafuteni kwenye msimbo wa Swing kama kuna mahali inafanya hivyo, na hapo hamisheni huo muamala uingie ndani ya EJB moja upande wa seva.

---

dada_foleni

Naongezea kwa hilo la t3. Kabla ya kufunga, washeni logi ya miunganisho kwenye hiyo chaneli muiache ipite mwisho wa mwezi na mwisho wa robo mwaka, maana kuna kazi za usiku na mashine za idara nyingine zinazoita mara chache sana na hazipo kwenye orodha yenu. Kisha t3 ifungeni kwa connection filter ibaki kwa anwani mnazozijua tu, hilo mlitakiwa mlifanye hata bila kuhama, zile hitilafu za usalama za deserialization kupitia t3 zimekuwa zikitangazwa tangu 2015. Atakayepiga simu kulalamika ndo mteja ambaye hamkumjua.

---

msimamizi_ear

Connection filter naiweka wiki hii. Ya UserTransaction kwenye Swing nimeshatafuta haraka haraka, ipo, sehemu ya kufunga mahesabu, na inashika EJB nne. Nitafungua uzi mwingine kwa hiyo.